Paa Jekundu la Bi Allardyce

Saa nne unusu asubuhi Sajini Ambrose Kinnane alisimama mbele ya picha aliyoambiwa imeharibiwa, na kwa dakika tano nzima hakuona kilichoharibika. Ilikuwa picha ndogo, ukubwa wa sinia la chai. Ilionyesha ghuba, miti, ngazi za mawe, na nyumba moja pembeni kabisa upande wa kulia. Maji ya ghuba yalikuwa ya zambarau. Miti ilikuwa ya rangi ya machungwa. Ngazi zilikuwa za njano. Kama kuna mtu aliyeiharibu picha ile, basi Sajini alimdhania mchoraji mwenyewe, Bi Allardyce.

"Ni paa," alisema Bwana Mortimer Crisp, mwenye jumba la maonyesho. "Sasa hivi ni jekundu. Lilikuwa la buluu."

"Na hayo maji?"

"Maji hayana neno."

"Maji ya zambarau hayana neno."

"Ndivyo alivyoyachora mwenyewe, Sajini."

Kinnane alivuta barakoa yake chini ya pua apate kupumua. Mwaka huo wa homa mji mzima wa Sydney ulikuwa umejifunga vitambaa usoni, na mpelelezi aliyezoea kusoma midomo ya watu alijiona kama anafanya kazi gizani. Alifungua daftari lake akapitia tena alichoandikiwa na Konstebo Prewett, mtu mnene mwenye miaka ishirini kazini ambaye hajawahi kuitilia shaka hata fikra yake moja.

Kwa maandishi ya Prewett, kesi ilikuwa imekwisha. Mlinzi wa jumba, Enoch Gudge, umri miaka sitini na minne, ndiye peke yake aliyekuwa na funguo ukimwondoa Bwana Crisp. Kabatini mwake umekutwa mkebe wa rangi nyekundu. Tena huyo Gudge, kabla hajaanguka na kuvunjika nyonga, alikuwa fundi wa kuezeka vigae kwa miaka thelathini, na alishasema mbele ya mashahidi, wakiwemo watawa wawili, kwamba hakuna nyumba yenye paa la buluu katika mji huu, na kama angeachiwa angelitengeneza paa lile asubuhi moja tu. Prewett alimalizia kwa kuandika kwamba penye moshi hapakosi moto.

Kwa hiyo tangu jana jioni mzee Gudge alikuwa mahabusu, na saa kumi alasiri angesimama mbele ya hakimu. Picha ilikuwa imekwisha nunuliwa na mjane mmoja wa mfanyabiashara wa sufu, naye alikuwa na mawakili wengi kuliko alivyokuwa na kondoo. Mzee akitiwa hatiani ni jela, na akitoka huko hakuna atakayempa hata ufunguo wa banda la kuku. Kinnane alikuwa amemwona asubuhi ile. Mzee hakulia wala hakuapa. Alisema tu, "Sikuligusa, Sajini," kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulimkera Sajini kuliko kelele, kwa sababu wenye hatia aliowazoea huwa hawaishiwi maneno.

Aliivua glavu yake ya kulia. Akabonyeza paa kwa kidole gumba.

"Sajini!" alisema Crisp.

Kidole kilitoka chekundu. Prewett alitabasamu mpaka barakoa ikapanda.

"Lete moja ya zile ndoo," Sajini alimwambia.

Rangi ya kabatini ilikuwa ya ndoo za mchanga za zimamoto, na Gudge alizipaka juzi kwa amri ya Bwana Crisp mwenyewe. Prewett aliileta ndoo akiikumbatia. Sajini aliibonyeza kwa kidole kile kile, akaikwaruza kwa ukucha, akaigonga. Ilikuwa kavu na ngumu kama sahani. Tena michirizi ilikuwa imeteremka kila upande, na kwenye mpini kulikuwa na alama ya kiganja kizima. Aliyeipaka alikuwa na haraka na mkono mmoja mzito.

"Rangi ya ndoo imekauka," alisema Sajini. "Ya paa bado laini. Si rangi moja hiyo, Prewett."

"Labda kapaka paa kwa nyingine, afande."

"Labda."

Sajini akaibonyeza mbingu. Halafu akabonyeza maji, miti na ngazi. Bwana Crisp alikaa kwenye benchi akafumba macho. Sajini alipomaliza mkono wake ulikuwa kama wa mtoto wa chekechea.

"Bi Allardyce aliimaliza lini picha hii?"

"Februari," alisema Crisp bila kufumbua macho.

Sasa ilikuwa Julai. Sajini alikuwa amewahi kukamata waghushi wa picha za farasi wa mashindano, na huko alijifunza jambo moja la maana: rangi ya mafuta iliyopakwa nene hukaa laini wiki mbili tatu, lakini haikai miezi mitano.

"Basi hakuna aliyelipaka paa," alisema. "Mtu kapaka picha nzima. Hii ni nakala, Bwana Crisp. Ya Bi Allardyce imekwisha toka nje ya mlango wako."

Prewett alifikiri kidogo. "Basi Gudge kaiba."

"Huyu Gudge mwenye ndoo hii?"

Prewett aliitazama michirizi ya ndoo, akaitazama picha, akaitazama tena ndoo. Crisp alisema kwamba hata hivyo funguo ni funguo, na mzee anaweza kuwa alimfungulia mwizi mlango, na kwamba yeye hawezi kumwambia mjane yule habari za dole gumba. Sajini aliona kwamba kwa hakimu nusu ya ukweli haitatosha. Lazima ampate mwenye mkono uliochora, na ampate kabla ya saa kumi. Aliwaamuru wote wawili wafunge midomo. Nje ya chumba kile, habari ibaki ile ile: mtu kalipaka paa rangi nyekundu, basi.

Bi Muriel Allardyce alifika saa tano, amejifunga skafu mbili juu ya barakoa. Alikuwa ametoka kitandani jana tu baada ya siku kumi za homa, na kitu cha kwanza alichokwenda kuona kilikuwa picha yake. Yeye ndiye aliyepiga ukelele. Sajini alimwapisha kwanza kutotamka neno, ndipo akamweleza habari ya nakala. Alitazamia kilio. Badala yake Bi Allardyce alishusha pumzi ndefu, akasema afadhali, kwa sababu usiku kucha alikuwa akijiuliza kama homa imemla akili.

Kisha akaeleza kazi yake, na kueleza kwake hakukuwa na mlango wa kutokea. Alitoa mkobani gurudumu la karatasi ngumu lenye rangi saba. Nyekundu ilikuwa do, machungwa re, njano mi, kijani fa, buluu so, nili la, na zambarau ti. Yeye na wenzake walikuwa hawapaki rangi kwa kuangalia maji au mti. Walitunga wimbo kwanza, halafu kila noti wakaipa rangi yake, na picha ikasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama karatasi ya kwaya. Ndiyo maana maji yalikuwa ya zambarau. Wimbo ulianzia kwenye ti, maji yangefanyaje?

Sajini Kinnane, aliyewahi kuimba besi katika kwaya ya kituo hadi wenzake walipomwomba kwa heshima apumzike, aliandika yote hayo kama anavyoandika maelezo ya mlevi, bila kuruka kitu.

"Hebu niimbie," alisema.

Bi Allardyce aliimba kwa sauti ya puani, kidole kikifuata picha: maji, mashua, miti, ngazi moja baada ya nyingine. Kwenye paa alisimama. Sajini alingoja kalamu ikiwa juu.

"Halafu?"

"Basi."

"Mbona naona kama bado ngazi moja?"

"Ipo bado moja," alisema Bi Allardyce. "Ni mluzi wa kaka yangu Keith. Alikuwa akiupiga anapopanda ngazi za nyumbani jioni, na noti ya mwisho aliipiga mlangoni. Alikwenda Ufaransa mwaka wa kumi na sita. Hakurudi kuimalizia, na mimi sikuimalizia kwa niaba yake. Paa langu ni la buluu. Linaishia kwenye so, hewani."

"Na hili jekundu?"

"Hili ni do. Hapa wimbo umefika nyumbani, umevua viatu, umekaa mezani. Mimi sikuuandika hivyo."

Sajini alilitazama paa lile kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amelitazama mwanzo. Gudge alipotaka paa liwe jekundu, alikuwa akiwaza vigae. Mtu huyu mwingine hakuwaza vigae hata kidogo. Alikuwa amenakili kila kitu kwa uaminifu wa karani, maji ya zambarau na miti ya machungwa na mambo yote yale ambayo mtu mwenye akili timamu angeyarekebisha, kisha akarekebisha noti moja.

"Ni nani mjini hapa anayeweza kuisoma picha yako, Bibi?"

"Watatu tu. Mimi, Theodore Lusk na Cuthbert Sneddon. Gurudumu hili tulilibuni pamoja wakati homa imefunga makanisa na kumbi zote."

Theodore Lusk alikuwa mpiga kinanda wa kanisa lililo kona ya pili, na Sajini alikwenda huko na matumaini makubwa. Mtu aliyepiga Amina kwa miaka thelathini, aliwaza, huyo hawezi kuvumilia wimbo uliokatika njiani. Alimkuta amekaa kwenye kinanda kikubwa bila viatu, akikanyaga vibao vya chini kwa soksi. Sajini hakujitambulisha. Alisimama nyuma yake akaupiga mluzi wa Keith Allardyce, vibaya, akaukatia kwenye so.

Mguu wa Lusk ulikwenda wenyewe. Do ilitoka chini ya kinanda kwa nguvu mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Mkono wa Sajini ulikuwa umekwisha fika kwenye pingu alipoiangalia ile miguu. Soksi moja ilikuwa nyekundu. Nyingine ilikuwa ya kijani.

"Bwana Lusk, umevaa soksi za rangi gani?"

"Kahawia."

"Zote mbili?"

"Sajini, huuzwa kwa jozi."

Kinnane alilitoa gurudumu la Bi Allardyce mfukoni akamwomba aonyeshe nyekundu. Lusk alilitazama, akalizungusha, akalitazama tena, kisha masikio yake yakawa na rangi ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuitaja. Aliangalia huku na huku kanisani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu kuzaliwa nyekundu na kijani kwake ni ndugu wa tumbo moja. Katika gurudumu lake yeye kila rangi ilikuwa imeandikwa herufi kwa wino.

"Lakini ulisaidia kulibuni."

"Wao walikuwa wakisema, 'Theodore, si kweli fa ni ya kijani?' Mimi nikiitikia kwa kichwa. Ukiitikia kwa kichwa taratibu kati ya wachoraji, Sajini, wanakuona una kina." Aliangalia tena mlangoni. "Tafadhali usimwambie Muriel."

Sajini aliahidi. Mtu kama huyu angechora nakala, miti yote ingetoka myekundu na kijani kwa bahati nasibu. Alimwomba aje kwenye jumba la maonyesho saa nane unusu apige piano kidogo, na alipotoka nje alinunua pai ya nyama akaila amesimama, kwa sababu sasa lilikuwa limebaki jina moja na hakuwa na ushahidi wa kumpa hakimu zaidi ya soksi.

Cuthbert Sneddon alifika amechelewa, mrefu, mwembamba, amevaa joho la mvua juu ya koti, na kabla hajakaa alikwisha kosoa taa, mapazia na namna Prewett alivyosimama. Alijibu maswali yote bila wasiwasi. Ndiyo, aliijua picha. Ndiyo, alikuja kuitazama kila siku kwa wiki mbili kabla ya Muriel kuugua na siku chache baadaye, akiwa na kitabu chake cha kuchorea.

"Uliipenda hivyo?"

"Niliichukia. Inakwenda vizuri, vizuri, vizuri, kisha inaishia hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilikuwa nikilisoma kosa, Sajini. Kosa la mtu hodari lina mafunzo."

"Na mlinzi hakukusumbua?"

Hapana, alisema Sneddon. Mlinzi alikuwa mtu wa adabu. Alimwekea kiti, tena chenye mto, na alasiri alimchemshia chai.

"Huyo mzee anasomewa mashtaka saa kumi leo."

Sneddon aliviangalia viatu vyake. "Nimesikia. Inasikitisha."

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Sajini, na akapandwa na hasira ambayo aliiweka kando kwa kuwa ilikuwa haijapata kazi bado. Akawaita wote wakakaa: Crisp, Bi Allardyce, Lusk kwenye piano, Prewett mlangoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini.

Alimwomba Lusk aupige wimbo kama ulivyo kwenye picha ya mwanzo. Lusk aliupiga, akausimamisha kwenye so, na ilionekana wazi mguu wake unapata tabu chini ya piano. Sneddon alikunja uso kama mtu aliyeuma pilipili.

"Ahsanteni," alisema Sajini. "Nimewaita kuwaambia kwamba nafunga kesi. Aliyelipaka paa hili ni mzee Gudge. Nimeshauriana na wataalamu. Wanasema kazi yenyewe ni ya mbumbumbu. Alikuwa hana buluu, kachukua nyekundu. Hajui do, hajui re. Mkono wa fundi ndoo."

Sneddon alibadili mguu uliokuwa juu ya mwenzake.

"Nimeelezwa hata brashi aliishika vibaya," aliendelea Sajini kwa upole. "Bwana Prewett hapa naye ameiona kazi. Unasemaje, Prewett?"

"Ovyo, afande," alisema Prewett kutoka moyoni.

"Sikubaliani," alisema Sneddon.

"Wewe ni mtu wa huruma, Bwana Sneddon. Lakini rangi imelundikwa tu pale. Mtoto wa shule—"

"Mtoto wa shule!" Sneddon alikuwa amesimama. "Lundo liko wapi? Hebu tazama. Mbumbumbu hawezi kuzipandisha ngazi zile tisa bila kuinua brashi hata mara moja! Muriel mwenyewe aliinua mara mbili!"

Kwenye piano Lusk aliondoa mikono juu ya vibao akaiweka mapajani.

"Ngazi?" alisema Sajini. "Mimi nimesema paa."

Sneddon alibaki amenyoosha kidole kuelekea kwenye ngazi.

"Mji mzima unajua limepakwa paa. Waliojua kwamba ngazi nazo ni mpya ni watu wanne: mimi na hawa watatu niliowakataza kusema. Wewe ni wa tano. Kaa chini, Bwana Sneddon. Iko wapi picha?"

Sneddon alikaa. Aliivua barakoa, akaikunja mara nne, na alipoanza kusema alisema kama mtu anayelalamikia huduma mbaya. Ilikuwa ukutani kwake, mtaa wa Darlinghurst, juu ya beseni la kunawia. Hakuiiba ili aiuze. Mjane yule wa sufu alikuwa ameahidi kuitundika chumba cha kulia, kati ya vichwa viwili vya kondoo dume. Ndicho kitu bora kilichowahi kuchorwa kwa gurudumu lile, na yeye angekwenda kukitazama wapi? Aliomba kuinunua akaambiwa amechelewa. Basi aliketi akainakili siku kwa siku, kwenye kiti kile chenye mto, na juzi akaja na nakala chini ya joho.

"Na mlinzi?"

"Alikuwa jikoni."

"Akifanya nini?"

Sneddon alikigeuza kitambaa mkononi. "Akichemsha chai yangu. Birika lile huchukua dakika nane."

"Ulimwomba chai ili umwibie," alisema Sajini, na hasira aliyoiweka kando ikapata kazi yake. "Halafu ukamwacha alale mahabusu kwa ajili yako. Nina wezi wa mifukoni, Bwana Sneddon, ambao wasingelifanya hilo. Ningekutambulisha kwao, ila wangeona aibu."

Bi Allardyce alikuwa bado anaitazama nakala. Aliuliza, bila kugeuka, kwa nini basi mtu aliyeweza kunakili kila kitu hakulinakili paa. Kama lingekuwa la buluu asingegundua mtu, pengine hata yeye mwenyewe.

"Nilijaribu," alisema Sneddon. "Mara nne, Muriel. Nikaweka buluu nikaikwangua. Nikiiacha silali. Mkono unakataa. Wimbo ni lazima urudi nyumbani, hiyo ni kanuni. Unajua kwamba ni kanuni."

"Si wote wanaorudi, Cuthbert," alisema Bi Allardyce.

Sneddon alikiinamia kitambaa chake kilichokunjwa mara nne. Sajini alimwashiria Prewett, na Prewett, aliyekuwa amemkamata mtu mmoja tayari kwa kesi hiyo hiyo, alimkamata wa pili kwa uangalifu zaidi.

Darlinghurst kulikuwa na mama mwenye nyumba aliyedai vitambulisho vitatu, na ngazi zake zilikuwa na harufu ya kabichi. Picha ilikuwa pale pale iliposemwa, imefunikwa taulo safi. Sajini alilibonyeza paa lake la buluu kwa kidole gumba kilichooshwa. Lilikuwa gumu kama jiwe. Kwenye teksi aliipakata magotini, nakala ikiwa chini yake, na mara mbili alimwambia dereva kwamba saa kumi haimngojei mtu. Dereva aliitupia picha jicho akasema hajawahi kuona maji ya namna ile, naye Sajini akajisikia akisema kwamba yanaanzia kwenye ti.

Alimkuta hakimu akiita jina. Mzee Gudge alikuwa amesimama kizimbani ameshikilia ubao kwa mikono miwili, kwa sababu walikuwa wamemnyang'anya fimbo yake. Mkewe, Bi Honora, alikuwa benchi la mbele na kapu, na alikuwa pale tangu mahakama ilipofunguliwa asubuhi. Sajini aliomba kusema. Alizisimamisha picha mbili juu ya meza ya karani, akaonyesha kidole gumba, akaeleza habari ya ngazi tisa. Hakimu aliuliza maswali mawili na la pili lilikuwa kama maji yale ni makosa ya mshtakiwa. Alipoambiwa si makosa ya mtu, alifuta shtaka akaitisha fimbo ya mzee irudishwe.

Bwana Crisp alikuwa amekuja nyuma ya Sajini, anahema. Alipita katikati ya watu, amenyoosha mkono, akasema yamekwisha, Enoch, mambo haya hutokea, na kesho saa mbili kama kawaida.

Gudge hakuupokea mkono.

"Jana ulininyooshea kidole mbele ya watu, Bwana Crisp. Kulikuwa na wageni, na yule mama wa kusafisha, na konstebo. Wote walisikia."

"Nilikosea, Enoch."

"Sauti hiyo ni ya watu wawili. Ya jana ilikuwa ya jumba zima."

Crisp aliangalia huku na huku. Watu walikuwa wamekwisha anza kutoka, na sasa walirudi kukaa. Hakimu alijifanya anasoma karatasi. Hatimaye Crisp aliishusha barakoa, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni kwamba Enoch Gudge hakufanya kosa lolote, na kwamba aliyekosa ni yeye. Karani wa mahakama aliyaandika maneno hayo bila kuagizwa na mtu.

"Ahsante," alisema Gudge. Alivaa kofia yake. "Sasa tafuta mlinzi mwingine."

"Enoch. Ni miaka kumi na mmoja."

"Miaka kumi na mmoja," alisema mzee, "na jana hukuniuliza hata swali moja."

Bi Honora alikuwa amekwisha inuka na kapu lake. Alimpa mumewe mkono, na Sajini Kinnane akawafungulia mlango.